Ofisi ya msaada wa kisheria ilitupotezea siku za rufaa, sasa inakataa kutuandikia barua

Ndugu wanajamvi, nimesita kwa wiki tatu kabla ya kufungua uzi huu, kwa sababu nilitaka kwanza hasira itulie ili niandike kwa mpangilio. Haikutulia. Naomba mnivumilie, na wanasheria mliopo humu mnisahihishe pale nitakapokosea.

Mama yangu mdogo ni mjane anayeuza vitumbua Mbagala, na tangu mwaka 2006 anaishi Chamazi katika kiwanja alichokinunua na marehemu mumewe mbele ya mjumbe na mashahidi wawili. Mwaka 2022 alijitokeza bwana mmoja mwenye karatasi nyingine ya mauziano, aliyouziwa na mtoto wa yule yule muuzaji wa kwanza. Usuluhishi katika Baraza la Kata ulishindikana, bwana yule akafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na mama mdogo akasimama peke yake dhidi ya wakili. Hati yake ya mauziano ilikataliwa kupokelewa kama kielelezo kwa sababu haikuwa imelipiwa ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali kwenye hati kama hizo. Kasoro hiyo hurekebishwa kwa kulipa ushuru wenyewe pamoja na faini, lakini hakuna aliyemwambia, naye alidhani karatasi yake imeonekana ya kughushi, akarudi kiti chake akanyamaza. Akashindwa.

Sheria inatoa siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu kutoka baraza la wilaya. Siku ya pili baada ya hukumu tuliandika barua ya kuomba nakala ya hukumu na tuzo, yaani amri rasmi inayotokana na hukumu hiyo. Wakili wa kwanza tuliyemwendea Kariakoo alitaka shilingi milioni mbili kabla hajafungua faili, kwa hiyo siku ya tano tukaenda kwenye ofisi moja inayotoa msaada wa kisheria bure kwa watu wa kipato cha chini. Sitaitaja, kwa kuwa shauri bado lipo na sitaki mtu aseme nimekuja kuchafua jina la mtu.

Ofisi ile hupokea wateja siku mbili tu kwa wiki, na namba hugawiwa watu 15 wa kwanza. Ili kuipata, mama mdogo alitoka Chamazi saa kumi alfajiri na kupanda magari mawili, na kila siku aliyokwenda ilikuwa siku ambayo hakukaanga vitumbua. Siku hiyo ya tano aliambiwa alete barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha kipato chake, pamoja na nakala ya hukumu. Barua tuliipata baada ya kumfuata mwenyekiti mara tatu, na nakala tukaipata siku ya ishirini. Siku ya ishirini na nne tukarudi na kila kitu mkononi, tukapangiwa mahojiano siku ya thelathini na nane, kwa maelezo kwamba wakili ni mmoja na yuko safarini kwenye mafunzo. Siku ya thelathini na nane walichukua nakala, wakaandika namba ya simu, wakasema watapiga. Hawakupiga. Siku ya hamsini na moja tulikwenda wenyewe, na dada aliyetupokea alipitisha macho kwenye tarehe ya hukumu, akasema: “Mama, siku 45 zimeshapita, hapa hatuna la kufanya.”

Tukarudi nyumbani. Tuliamini, maana tungemwamini nani mwingine?

Mwezi mmoja baadaye, tulipokuwa tunafuatilia wito wa maombi ya kukazia hukumu, yaani ya yule bwana kutaka hukumu itekelezwe, wakili mmoja tuliyekaa naye benchi moja alizisoma karatasi zetu kwa huruma tu, akatuuliza kwa nini hatukukata rufaa. Ndipo alipotueleza kwamba chini ya Sheria ya Ukomo, ile inayohusu muda wa mwisho wa kufungua mashauri na rufaa, muda ambao mtu anasubiri nakala ya hukumu na tuzo huondolewa katika hesabu. Sisi tulisubiri siku 18. Maana yake siku ya mwisho ilikuwa ya sitini na tatu, na siku ile tulipoambiwa kwamba muda umekwisha tulikuwa bado na siku 12 kamili. Alituambia pia kwamba katika baraza la wilaya sheria inaruhusu mtu kuwakilishwa hata na ndugu yake. Mimi nimesoma hadi chuo, nina sauti, na ningeweza kusimama badala ya mama yule anayetetemeka akiulizwa jina lake. Nilikaa nyuma na watazamaji miezi yote ile kwa kutojua.

Sasa njia iliyobaki ni maombi Mahakama Kuu ya kuongezewa muda, na kila mwanasheria humu anajua kwamba mwombaji anatakiwa kuitolea maelezo kila siku aliyochelewa. Maelezo yetu ni ofisi ile. Nimekwenda mara mbili kuomba barua fupi inayosema tu kwamba mteja huyu alifika tarehe fulani na fulani, akachukuliwa nakala, akajibiwa hivi. Mara ya kwanza niliambiwa kiongozi hayupo. Mara ya pili niliambiwa kwamba ofisi haitoi barua za namna hiyo kwa sababu faili la mama mdogo “halikufunguliwa rasmi”. Kwa hiyo siku zote tulizopanga foleni pale, kwa vitabu vyao, hatukuwahi kufika!

Najua watakuja watu kusema kwamba huduma ya bure haichaguliwi. Nakataa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 haikutungwa kama sadaka. Iliweka msajili wa watoa huduma, ikawatambua wasaidizi wa kisheria ambao si mawakili, na ikawakataza wasaidizi hao kumwakilisha mtu mahakamani, jambo ninaloliona sahihi, ila matokeo yake ni kwamba kila shauri linalofika mahakamani linamwangukia wakili yule mmoja aliye safarini. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imewafikia wengi ambao hawakuwahi kuongea na mwanasheria, nami naiheshimu, lakini hukaa mahali kwa siku chache na kuondoka, wakati shauri la ardhi la mtu wa Chamazi linakwenda miaka.

Ninachodai hakihitaji fedha za mfadhili yeyote. Mtu akifika na hukumu mkononi, swali la kwanza liwe tarehe, kabla ya barua ya mtaa na kabla ya kipato, na siku ya mwisho ya rufaa ihesabiwe na anayejua kuihesabu kisha iandikwe kwenye karatasi apewe. Kama ofisi haina wakili wa kulibeba shauri, iseme siku hiyo hiyo, kwa maandishi, ili mtu akahangaike kwingine akiwa na siku arobaini na si akiwa amebaki na sifuri. Kumkatalia maskini mapema ni kumsaidia kuliko kumweka benchi wiki saba kwa maneno ya “mtapigiwa”.

Tumeandaa kiapo wenyewe kwa msaada wa yule wakili wa benchi, ambaye hakutudai senti lakini ametuambia wazi kwamba hana nafasi ya kusimama nasi. Tiketi za namba tulizopewa mlangoni tumebakiwa na mbili, na tumeziambatanisha. Yule bwana tayari ameshamwaga mchanga na mawe mbele ya nyumba. Anayemfahamu wakili anayejitolea kuingia Mahakama Kuu kwenye maombi ya kuongezewa muda katika shauri la ardhi, naomba aandike hapa chini au anitumie ujumbe leo.