Mkandarasi katuuzia kadi mbili za mtandao, inayofanya kazi ni moja! Mizani ya Kirumba imesimama saa tatu nzima

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta kwenye ghala moja la dagaa na kayabo hapa Kirumba, Mwanza. Mzigo unatoka visiwani, unashuka mwaloni, unapimwa, risiti inatoka, gunia linapanda lori. Bila risiti hakuna anayelipwa. Programu ya mizani iko kwenye seva moja tu ya Ubuntu, ndiyo maana tulikubali kulipia kadi mbili za mtandao zilizounganishwa kwa bondi: waya mmoja ukifa, wa pili unapokea. Hivyo ndivyo tulivyoelezwa, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa kwenye hati ya malipo.

Juzi saa kumi na mbili asubuhi keshia ananipigia: "Kaka, mizani zote zimegoma." Nampigia mkandarasi. Kijana wao ananijibu, "Mkuu, kwenye skrini yetu seva ni kijani, iko hewani, hebu angalieni printa zenu." Nikadandia bodaboda kutoka Igoma.

Nafika, programu inafanya kazi, hifadhidata haina neno, diski ina nafasi. Napiga amri ya `ip link`: eno1, kadi ya kwanza, imeandikwa NO-CARRIER, yaani waya wake umekufa. Kichwa cha waya kimeliwa na kutu. Sawa, waya hufa. Lakini eno2, ile kadi ya pili, je? `ethtool` inasema waya wake umeshika vizuri, na hakuna kinachopita! Nafungua faili la hali ya bondi, `/proc/net/bonding/bond0`, nakuta eno1 bado ndiyo kadi inayotumika, kadi zote mbili zimeandikwa "up", na juu kabisa: MII Polling Interval (ms): 0.

Sifuri, wakuu. Huo ndio muda wa kukagua waya, na sifuri maana yake bondi haikagui kabisa. Waya ungekatwa kwa panga, bondi ingeendelea kuamini uko mzima. Usipoiandikia chochote, netplan, programu ya Ubuntu ya kupanga mtandao, inaiacha sifuri, na kwa bondi ya kadi moja kufanya kazi na nyingine kusubiri, kerneli, kiini cha mfumo, hairekebishi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu siku waliyofunga mashine. Hakuna aliyeangalia. Mstari mmoja tu, `mii-monitor-interval: 100`, yaani kagua waya kila milisekunde 100, ndio uliokosekana.

Na ile kijani yao? Nimefuatilia. Wanapiga ping, ule ujumbe wa kuuliza kama mashine iko hewani, kwenye mlango wa usimamizi, ule wenye waya wake peke yake, unaojibu hata mfumo wa seva ukiwa umezimwa. Yaani kitu ambacho wateja hawakitumii ndicho wanachokichunga, na kwa hicho wanatutoza ada kila mwezi! Hakuna anayetazama kadi zinazobeba kazi, hakuna anayehesabu makosa ya `ip -s link`. Mama mmoja wa Ukerewe amekaa juu ya magunia yake mpaka saa tatu, lori la Tunduma linamsubiri, dereva anafoka, na mimi ndiye ninayetazamwa kama mwizi.

Nikahamishia kazi eno2 kwa mkono, risiti zikatoka. Usiku nikaandika ule mstari nikiwa nimekaa mbele ya mashine yenyewe, kwa sababu `netplan try`, amri ya kujaribu mipangilio kabla ya kuikubali, haiwezi kurudisha mipangilio ya bondi ukikosea, kisha nikachomoa waya mmoja huku ping inaendelea. Kazi ikahamia upande wa pili, ping ikaendelea. Nikarudisha wa kwanza, nikachomoa wa pili, ikarudi. Jaribio la dakika tano ambalo wao hawakulifanya siku ya makabidhiano.

Kuna na jingine. Anwani ya mtandao wa printa waliiweka kwa `ip addr add`, hawakuiandika kwenye faili. Kila umeme ukikatika na seva ikawaka upya, anwani hiyo inapotea. Sasa naelewa kwa nini kila mara walikuja "kurekebisha printa" na kutudai nauli.

Sitaki kuambiwa nibadilishe waya, nimeshabadilisha. Mkandarasi najua unasoma humu. Njoo Kirumba saa kumi na mbili asubuhi, mizani ikiwa kazini. Tuchomoe waya mmoja mmoja mbele ya wenye magunia, na ile skrini yako ya kijani tuiweke mezani. Ankara ya mwezi huu tutaizungumza baada ya hapo.