Seti za eksozi mbili za Chevelle: hii "funga uende" mnayotuuzia ni ya gari gani?

Wakuu, habari zenu. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nawalenga wauzaji wanaotangaza seti za eksozi mbili za Chevrolet Chevelle za 1968 hadi 1972 kwa maneno ya "funga uende", pamoja na mafundi wanaozifunga gari likiwa juu ya lifti bila kufikiria litakapokanyaga chini. Mlioko Marekani mnaojenga magari haya tatizo mnalijua. Pesa inalipwa yote, kazi inatoka nusu, na mwenye gari akilalamika anaambiwa "V8 ndivyo zilivyo". Siyo kweli. V8, yaani injini ya silinda nane, inatakiwa kunguruma. Haitakiwi kugonga sakafu.

Tangazo linasema seti imekamilika. Fungua sanduku: mabomba ya mbele, sailensa mbili, mabomba ya kupita juu ya ekseli, klampu za U na hanga za bati za kuning'inizia mabomba. Gasketi za flenji hakuna. Bomba la kuunganisha pande mbili hakuna. Krosmemba, ile boriti inayokatiza chini ya gia boksi, ndiyo haitajwi kabisa, na hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Gari lililotoka kiwandani na bomba moja, krosmemba yake ya gia boksi mara nyingi ina upenyo wa bomba upande mmoja tu. Bomba la pili la inchi 2.5 litapita wapi? Litapita chini ya krosmemba, na kila tuta litalikwangua. Krosmemba yenye upenyo pande zote mbili inauzwa madukani, lakini mnunuzi anatakiwa kuambiwa kabla hajalipa, siyo baada ya fundi kukata bomba la zamani kwa grainda.

Neno "stenlesi" nalo mnalitumia vibaya. Stenlesi ina madaraja kwa namba. Ya 409 ina kromiamu asilimia 11 hivi, sumaku inainasa, na kwenye majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji inashika kutu ya juu haraka. Ya 304 ina kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, na kwenye bomba lililonyooka sumaku haiishiki au inaishika kidogo sana. 409 ni chuma kizuri kwa eksozi na viwanda vya magari vinakitumia. Ninachopinga ni kuficha namba ili kiuzwe kwa bei ya 304. Huko ni kuuziana mbuzi kwenye gunia.

Kona je? Bomba likikunjwa kwa mashine ya kufinya, upande wa ndani wa kona unaingia mikunjo na tundu linabanwa kama mrija wa soda uliopindwa. Weka kalipa kwenye kona hizo: bomba la inchi 2.5, yaani milimita 63.5, unaweza kukuta upande mmoja umeshuka hadi hamsini na kitu. Kwenda juu ya ekseli na kushuka kuna kona kadhaa kila upande, kwa hiyo umelipia inchi 2.5 na moshi unapita kwenye inchi 2. Kona iliyokunjwa kwa kiini ndani haipotezi upana. Tena kwa injini ya 350 (ujazo wa inchi za mchemraba 350) ya kawaida, inchi 2.25 au 2.5 zinatosha. Anayekusukumia inchi 3 anakuongezea tabu ya kutafuta nafasi juu ya ekseli.

Sasa nije kwa mafundi, maana hapa ndipo uharibifu unapofanyika.

Lifti ya nguzo mbili inabeba gari kwenye chesisi. Ekseli ya nyuma inaning'inia, springi zinaachia, na juu ya ekseli panaonekana pana. Fundi anapitisha bomba hapo, anaona nafasi ya kutosha, anachomelea, anapokea hela. Gari likishushwa ekseli inapanda, nafasi inayeyuka. Wakikaa watu wawili kiti cha nyuma, ekseli inabisha hodi kwenye bomba kila shimo.

Namna ya kufanya: gari libebwe na ekseli yenyewe. Tumia lifti ya kupanda kwa magurudumu, au weka stendi za jeki chini ya mirija ya ekseli, uzito wote ukae juu yake. Panga mabomba yote bila kukaza, kuanzia mbele kwenda nyuma. Bomba liingie ndani ya mwenzake kwa inchi 1.5 hadi 2. Acha inchi 1, milimita 25, kutoka sakafuni, kwenye bomba la breki, bomba la mafuta na kebo ya hendibreki. Shika kila kiungo kwa vidoti vitatu au vinne tu vya kuchomelea. Halafu toa springi za nyuma, pandisha ekseli kwa jeki taratibu mpaka raba ya kugotea iguse chesisi, kisha ingia chini na tochi. Raba ikiwa imegota, kati ya ekseli na bomba pabaki angalau nusu inchi. Kama bomba limeguswa kabla ya raba, kata vidoti, rekebisha, rudia. Angalia pia bomba na springi, bomba na shokapu, bomba na ubavu wa ndani wa tairi, hasa kwa waliovaa matairi mapana. Ukisharidhika, toa mabomba nje ndipo umalizie kuchomelea. Usichomelee chini ya gari karibu na tangi la mafuta.

Hanga za bati zilizokazwa moja kwa moja kwenye chesisi zitupeni. Ukikanyaga mafuta injini inainama kwenye maunti (raba zinazoibeba) zake na eksozi inakwenda nayo. Kama nyuma imefungwa kigumu, kitakachopasuka ni flenji au uchomeleaji. Hanga ya kwanza ifungwe kwenye mkia wa gia boksi ili itembee na injini. Zinazofuata zote ziwe za raba. Na joto nalo lina hesabu yake: bomba la 304 lenye urefu wa mita 3.5 likipanda nyuzi 300 za Selsiasi linarefuka karibu milimita 18. La 409 karibu milimita 12. Fundi anayeacha milimita 5 kati ya ncha ya bomba na bampa amepanga kuibabua rangi ya mteja.

Kuhusu kuacha pande mbili bila kuunganishwa: injini hii inawaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda 1, 3, 5 na 7 ziko kushoto. Tazama 5 na 7 zinavyofuatana upande mmoja, na 8 na 4 zinavyofuatana upande wa pili. Bomba moja linapigwa mara mbili mfululizo wakati mwenzake limetulia. Bomba la kuunganisha lenye umbo la H linalegeza shinikizo hilo na kuleta mlio mzito. La X linachanganya moshi zaidi na mlio wake unakuwa mkali. Chagua lolote, lakini kuliacha kabisa na kuiita seti "imekamilika" ni wizi. Kupata mahali pa H, wapo wanaopaka rangi ya kawaida kwenye mabomba ya mbele, wanaendesha injini, kisha wanaangalia rangi ilipoacha kuungua. Mara nyingi panaangukia maeneo ya nyuma ya krosmemba, na pazuri, kwa sababu propela shafti unaiona na unaweza kuikwepa.

La mwisho, na hili ni la uhai. Acheni kukatisha mabomba kabla ya ekseli ili kupunguza kazi. Moshi unabaki chini ya gari, na magari ya umri huu yana matundu ya raba zilizokauka kwenye sakafu na buti. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Bomba litoke nje ya bodi.

#2
Mkuu, umesema yote isipokuwa vali ya joto kwenye manifoldi (chuma kinachokusanya moshi kutoka silinda) ya kulia. Ile ikiganda imefungwa, moshi wa upande huo unalazimishwa kupita chini ya kabureta. Unafunga eksozi mpya, gari linazidi kuwa zito, lawama anabeba muuza sailensa. Izungushe kwa mkono injini ikiwa baridi. Ikigoma, mafuta ya kulegeza kutu, au itoe uweke kipande cha kujazia nafasi yake. Na nati za flenji wekeni za shaba, zile za chuma zikikaa miaka michache zinatoka na stadi yake, yaani bolti isiyo na kichwa.

#3
Mimi hasira yangu ni mvumo. Kila mtu anauziwa sailensa fupi kwa ajili ya video. Injini ya silinda 8 ikiwa mizunguko 2,000 kwa dakika inapiga mara 133 kwa sekunde, na huo ndio mwendo wa barabara kuu. Masaa matatu humo ndani kichwa kinauma. California kikomo kwa magari haya ni desibeli 95, na muuzaji anayeandika "inaruhusiwa kila jimbo" hatakuwepo polisi wakikusimamisha. Naomba wenye mfumo wa sindano za kupulizia mafuta badala ya kabureta waongezewe maelezo ya sensa.

Mwanzisha uzi
#2, asante mkuu, hilo la vali nakubaliana nalo kabisa.
#3, sensa ya oksijeni ikae baada ya mirija ya upande mmoja kukutana, kichwa chake kikiwa juu ya usawa kwa nyuzi 10 au zaidi ili maji yasiiue. Kiungo kikivuja kabla yake, hewa inaingia, kompyuta inadhani mafuta ni machache na inaongeza. Plagi zinakuwa nyeusi na mtu anaanza kubadilisha vitu visivyo na kosa. Kutafuta uvujaji, puliza hewa ya mashine ya kufyonza vumbi kwenye ncha ya nyuma, ziba ya pili, nyunyizia maji ya sabuni kila kiungo. Injini ikishapata moto na kupoa mara mbili tatu, rudi ukaze bolti za manifoldi: futi-pauni 20 za pembeni, 30 za katikati. Fundi asiyekuita urudi kwa kazi hiyo hajamaliza kazi yako.