Majani ya mvinje hayaozi: niyachome au niwaachie jongoo?

Mama Salma, Kisauni
Wanajukwaa, hamjambo. Nyuma ya nyumba nina mivinje miwili aliyoipanda marehemu baba mkwe. Chini yake pametanda majani makavu, yale membamba kama sindano; ukikanyaga yanabonyea kama godoro. Mwaka wa tatu huu nangoja yaoze nipate udongo wa kupandia mchicha, wapi! Jirani ananiambia nichome, eti majivu ni mbolea. Na tangu masika jongoo wamejaa, wale weusi wenye miguu myekundu, wanapanda hadi barazani. Juzi nimefagia nusu ndoo nikawamwagia mafuta ya taa. Nifanyeje?

Mzee wa Kitalu, Bamburi
Mama Salma, hao uliowamwagia mafuta ya taa ndio vibarua wako, tena mshahara hawadai.

Umewahi kupeleka watoto Haller Park, ile bustani ya wanyama hapa Bamburi? Kivuli chote kile kimeota juu ya machimbo. Walipomaliza kuchimba mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji, palibaki mwamba mtupu, jua likipiga huwezi kufumbua macho. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya saruji, akaanza kujaribu miti. Alipanda aina 26, zikasimama tatu tu, na iliyotamba kuliko zote ni mvinje. Mizizi yake ina vinundu, ndani yake mna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo mti unajilisha hata penye jiwe.

Lakini naye akakwama pale pale ulipokwama wewe. Majani yakawa yanadondoka na kurundikana tu, maana yana tanini nyingi, ile dawa ya mmea yenye ukakasi, bakteria na kuvu hawajui waanzie wapi. Mkombozi akawa jongoo huyo huyo wa miguu myekundu. Wakaletwa, wakazaana, na udongo ukaanza kujijenga juu ya mwamba.

Chukua kijiti ufukue hayo majani mpaka chini. Utakuta vidonge vidogo vyeusi. Hayo ni mavi ya jongoo, na usione kinyaa: ni majani yako yaliyokwisha kusagwa. Jongoo haimalizi kazi, yeye huianza tu. Bakteria na kuvu ndio humalizia, chakula kikarudi kwenye mizizi. Chota hiyo safu nyeusi, chekecha, peleka penye jua upande mchicha wako. Majani ya juu yaache.

Ukichoma, naitrojeni karibu yote inapaa na moshi. Utabaki na majivu ya chokaa, na ardhi yetu hii ya matumbawe chokaa inayo hadi ya kuuza.

Bin Mvuvi, Mikindani
Shikamoo mzee. Kwetu mikokoni kazi hiyo ni ya kaa. Maji yakipwa keti pembeni utulie, utamwona anaburuta jani limemzidi mwili, analipinda, analivuta shimoni. Asingelificha, maji yakijaa yangelichukua likapotelea kwa wenyewe. Na ile harufu ya yai viza inayowafanya wageni wazibe pua ni bakteria wa topeni wanaoozesha majani pasipo oksijeni. Mie nikiisikia najua kamba watakula.

Chausiku
Mama Salma, watoto waonyeshe tofauti ya jongoo na tandu. Tandu ndiye anayeuma! Jongoo hang'ati, akiguswa anajikunja.

Mama Salma, Kisauni
Marahaba kwa wote, na shikamoo mzee. Nimefukua, vidonge nimeviona, kama mbegu za mchicha zenyewe. Mama mkwe kacheka, kasema jongoo hutupwa na mti wake, basi waliokuwa barazani nimewazoa pamoja na majani yao nikawarudisha chini ya mvinje. Mmoja kanitolea maji ya manjano yananuka. Nimesugua kwa ndimu na majivu, hadi saa hii kidole ni cha kahawia kama nimetiwa hina.