MJADALA: Korona ilitupunguzia kipato Kusini, au tunaisingizia?

Msijute:
Wakuu, naliweka mezani. Ukiuliza kwa nini kaya nyingi za Mtwara na Lindi zilichacha kuanzia 2020, unajibiwa neno moja: korona. Mimi sikubali. Tanzania hatukufungiwa ndani hata siku moja. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa, ndege za kimataifa zikasimama Aprili na kurudi Mei, vyuo na kidato cha sita wakarudi Juni 1, shule zote Juni 29. Masoko, mashamba na bahari vilikuwa wazi muda wote. Na korosho ya msimu wa 2019/20 ilishauzwa kabla ugonjwa haujabisha hodi. Sasa korona iligusa kipato gani cha mkulima? Shida yetu ni ile ile ya siku zote: hela ya korosho inaingia Novemba, ikifika Machi haipo. Karibuni kwa hoja.

Kitangari:
Haipo, imekwenda wapi? Sema wazi mkuu, maana kwenye sentensi hiyo umetuita walevi bila kutamka neno lenyewe.

Novemba mkulima analipwa, anaanza na deni la pembejeo la msimu uliopita. Desemba analima shamba la chakula. Januari sare, madaftari na michango ya shule. Januari mpaka Machi ghala la mahindi ni tupu na jipya halijakomaa, unga unanunuliwa. Katikati ya hapo kuna palizi ya mikorosho. Hiyo ndiyo anasa unayotusimanga nayo?

Shangani_Mtwara:
Mleta mada anaongea kana kwamba Kusini nzima ni mikorosho. Mjini hapa vyuo vilifungwa katikati ya Machi. Mama lishe wa jirani na chuo alipoteza wateja wote siku moja, mwenye vyumba vya kupangisha naye hivyo hivyo. Bodaboda wa kituo kile kile akabaki na marejesho ya pikipiki kila wiki huku abiria hawapo. Walimu wa shule binafsi wanalipwa kwa ada, na ada ilikatika. Petroli ilishuka bei katikati ya 2020, ni kweli, lakini haimsaidii mtu asiye na abiria.

Msijute:
Shangani, hao nawakubali, ni wa mjini na ilikuwa miezi mitatu. Swali langu ni mkulima. Kitangari sikusema ulevi, umelisema mwenyewe.

Mwalimu_Nachi:
Msijute, kosa lako ni kuiangalia korosho kwenye mnada tu. Fuata kalenda. Msimu wetu wa kuuza unaanza Oktoba na kwisha Januari au Februari, kwa hiyo korona ilipoingia hatukuwa na mzigo sokoni. Wenzetu wa Ivory Coast na Guinea-Bissau wanavuna Februari mpaka Juni, wao kilio chao kilikuwa cha papo hapo: India ilifunga nchi tarehe 25 Machi na viwanda vya kubangua vya Kerala vikasimama. Sisi tulipona mnada, hatukupona maandalizi.

Aprili mpaka Julai ndiyo miezi ya kuliandaa shamba, na hakuna hela ya korosho wakati huo. Hela ya miezi hiyo inatoka kwenye kibarua, genge, ufuta kwa wenye nao, samaki, na anayotuma kijana aliyeko Kariakoo au kwenye hoteli za Zanzibar. Ndege zilipokatika hoteli zilirudisha watu makwao, na zilipoanza kuruka tena watalii hawakurudi siku hiyo hiyo. Kijana aliyekuwa anatuma akageuka mdomo wa kulishwa. Pengo la Mei unaliona Oktoba, kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha msingi.

Msijute:
Nadharia nzuri. Nionyeshe linavyofika kwenye mizani.

Kitangari:
Linafika kwa njia ya salfa, dawa ya unga ya kupuliza mikorosho, na hapa naongea na anayejua shamba.

Mti mkubwa unahitaji gramu 250 za salfa ya unga kwa mpulizo mmoja. Miti 100 ni kilo 25, yaani mfuko mmoja kamili. Unapuliza mara nne au tano kwa kuachia siku 14. Jumla mifuko mitano, petroli ya mashine iliyochanganywa na oili, na malipo ya mpulizaji. Mwaka ule yote yalitaka taslimu ndani ya wiki kumi.

Salfa haiponyi. Inazuia. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukishashika ua, ua linakuwa kama limemwagiwa unga wa muhogo, linakauka, na hakuna mfuko utakaolirudisha. Kwa hiyo mpulizo wa kwanza ni pale maua yanapoanza kuchomoza, na unapuliza alfajiri wakati majani yana umande na upepo umelala, ili unga ushike. Ukichelewa mpaka jua likapanda na upepo ukaamka, unampulizia jirani.

Mwenye hela ya mifuko miwili tu anafanya moja kati ya mawili. Anapuliza mara mbili akaacha, au anaigawa kwa gramu 100 miti yote ipate kidogo. Yote ni hasara, na ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu hakuna mti hata mmoja uliolindwa. Ubwiriunga ukikamata vizuri mti unapoteza zaidi ya nusu ya mazao. Hiyo ndiyo njia, kaka.

Bamvua:
Hapo kwenye dozi niongeze: mwenye mifuko miwili achague miti 40 bora na aimalizie mipulizo mitano. Na kabla ya salfa akate machipukizi ya ndani ya kivuli, ndiko ubwiriunga unakojificha kabla ya maua. Panga halina bei.

Msijute:
Sasa mmenipa hoja yangu mwenyewe. Salfa ilikuwa tatizo kabla ya korona. 2017 iligawiwa bure. 2018 sheria ikabadilishwa, ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho inayosafirishwa nje iliyokuwa inarudi kwenye zao ikaenda mfuko mkuu wa serikali. Baada ya hapo mkulima akawa ananunua mwenyewe. Msimu huo huo wa 2018 serikali ikanunua korosho yote kwa 3,000, jeshi likabeba, na malipo...

Ghala_Kuu:
3,300 kwa kilo, daraja la kwanza. Tusipunguziane.

Msijute:
3,300, sawa, asante. Malipo yakaingia uhakiki wa mashamba na wengine wakayangoja 2019 karibu yote. Kaya iliingia 2020 ikiwa tayari imeishiwa pumzi. Ongeza mafuriko ya Januari 2020 kule Kilwa na Lindi. Ongeza mbaazi, ambayo India iliiwekea ukomo Agosti 2017 na bei ikaanguka. Ongeza Oktoba 2020, Kitaya ilipovamiwa na wapiganaji kutoka Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na wakulima wakaogopa kulima na kuvuka. Haya yote hayana uhusiano na korona. Na mkulima anapokosa salfa anakimbilia kangomba kwa hiari yake, anauza korosho ikiwa bado ua. Kangomba mnaipenda wenyewe.

Kitangari:
Kwa hiari yake! Mtu ana mtoto mwenye homa Juni, hana ufuta, kijana wa Dar karudi, na maua yanachomoza wiki hiyo. Benki haimjui kabla ya Oktoba. Hiari iko wapi hapo?

Hesabu ya kangomba ni hii. Tuseme Juni anakopeshwa kwa makubaliano ya shilingi 1,000 kwa kilo, na Oktoba mnada ukafungua 2,400. Kwa kila kilo ameacha 1,400. Hakuna mlevi anayeweza kunywa kiasi hicho. Anayejua hesabu hii halafu anasema "mnaipenda" nina wasiwasi anakaa upande gani wa mizani.

Msijute:
Unanituhumu mimi nanunua kangomba? Thibitisha au futa. Kangomba ni kosa na mimi si mhalifu. Ninachosema ni kwamba AMCOS zipo, VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, vipo, watu wangeweza kuweka akiba ya salfa tangu Desemba.

Shangani_Mtwara:
VICOBA vingi vinavunja na kugawana mwisho wa mwaka, na mwezi wa tano mfuko ndiyo unaanza kunenepa. Halafu mwaka ule nusu ya wanachama walikuwa wauza maandazi na mama lishe, marejesho yalikwama. Kikundi kinakopesha kwa hela inayorudi. Isiporudi hakuna cha kumkopesha mwenye mikorosho. Haya mambo yamefungana, huwezi kumtenga mkulima na mjini kama unavyotaka.

Ghala_Kuu:
Kitangari futa ile kauli, tuendelee.

Kitangari:
Nitaifuta akifuta ya Machi.

Binti_Kivinje:
Jamani ninyi na mikorosho yenu. Pwani nzima kuanzia Kilwa mpaka Msimbati kuna wanawake wanaoishi kwa pweza, hakuna aliyewataja. Pweza wetu hanunuliwi na jirani, ananunuliwa na kiwanda kinachogandisha na kupeleka Ulaya. Machi 2020 migahawa ya Italia, Hispania na Ureno ilifungwa. Hapa hatukufungiwa, ndiyo, lakini mlaji alifungiwa. Wakala akikosa kiwanda cha kumpokea haji na barafu, na bila barafu pweza wa asubuhi jioni anakutia aibu.

Kinachobaki ni kukausha. Unampiga alainike, unamtandaza juani, unamgeuza, akipata unyevu usiku anaota ukungu. Na ana maji mengi: kilo nne au tano mbichi zinabaki kama moja kavu. Soko la pweza mkavu ni dogo, wote wakikausha bamvua moja, siku za maji kupwa sana, bei inakufa. Mchokoaji ana siku chache tu za bamvua, mara mbili kwa mwezi, maji mafu hayampi mwamba. Akikosa bamvua mbili amekosa mwezi. Msijute, huyo naye alikula hela ya Novemba?

Bamvua:
Dada hapo umegusa, lakini sema na upande wa pili. Bei iliposhuka watu walifidia kwa idadi, wakatoa hadi vipweza vya kiganja. Chini ya gramu 500 ni marufuku. Pweza anakua haraka sana, ukimwacha miezi michache amekuwa wa kilo na zaidi, ndiyo maana wanaofunga mwamba miezi mitatu wakifungua wanajaza ndoo. Tuliua wa kesho kwa njaa ya leo.

Binti_Kivinje:
Tulioua ni akina nani? Mwanamke anachokoa kwa mguu pale maji yanapokupwa. Wanaume ndio wanaopiga mbizi kwenye kina walikolala majike wenye mayai, na jike likitolewa pangoni mayai yote yamekwenda. Usitubebeshe.

Bamvua:
Sikutaja wanawake dada yangu, nilitaja ukubwa.

Mwalimu_Nachi:
Kabla hatujazama baharini, kuna jambo Msijute hajaligusa: mnada wenyewe wa Oktoba 2020. Kuelekea mwisho wa mwaka ule makontena yaliadimika dunia nzima na nauli za meli zikapanda. Ghala_Kuu, hiyo inamfikiaje mkulima?

Ghala_Kuu:
Mwaka ule ilimfikia kwenye barua ya zabuni. Mnunuzi anaandika bei baada ya kutoa gharama zake zote mpaka Vietnam au India. Kontena la futi 20 linabeba kama tani 16. Tuseme nauli imeongezeka dola 1,000. Gawa kwa kilo 16,000, ni kama senti 6 za dola kwa kilo. Dola ilikuwa inazunguka 2,310, kwa hiyo ni takribani shilingi 144 kila kilo. Mnunuzi hazitoi mfukoni mwake, anazitoa kwenye bei yako. Na Mtwara meli ni chache, kontena tupu lazima liletwe kwanza, kwa hiyo sisi tunaumia kuliko Dar.

Halafu makato hayapungui kwa huruma. Ushuru wa halmashauri ni asilimia 3, kuna AMCOS, chama kikuu, usafirishaji, ghala. Yale yanayotozwa kwa kilo ni yale yale bei iwe 4,000 au 2,400.

Msijute:
Hiyo ya nauli naikubali, ina namba. Na ya pweza naikubali. Lakini mzalishaji wa korosho bado mnamtetea kwa "kama" na "tuseme". Uzalishaji ulishuka kutoka zaidi ya tani 300,000 msimu wa 2017/18, na huko korona ilikuwa haijazaliwa.

Kitangari:
Nani kabisha kwamba ulianza kushuka mapema? Mtu aliyekwisha vunjika mguu akisukumwa anaanguka, na aliyemsukuma ana kesi pia. Ukitaka kupima, usichukue tani za nchi. Chukua stakabadhi za mkulima mmoja mmoja pale AMCOS, msimu wa 2019/20 na 2020/21, kilo na daraja. Halafu uliza alinunua mifuko mingapi ya salfa Mei na Juni kila mwaka, na hela ilitoka wapi. Waliokuwa wanategemea mtoto wa Dar uwatenge na waliokuwa na ufuta. Utaona tofauti.

Mwalimu_Nachi:
Na kwa mbele? Nashauri AMCOS ikate salfa Novemba, wakati wa malipo, kwa ridhaa ya mkulima. Mifuko ikae ghalani juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kitangari:
Mbao pekee hazitoshi mwalimu. Masika yanapita katikati. Salfa ikipata unyevu inaganda madonge, mashine haiipulizi inaitema, na mkulima ataambiwa alipie tena. Ghala lisilovuja, mifuko isifunguliwe, na orodha ibandikwe nje kila mtu aone mifuko yake. Bila orodha sikati hata shilingi.

Msijute:
Kwa hiyo unakubali kwamba hela ya Novemba inatakiwa ilindwe isifike Machi ikiwa imekwisha.

Kitangari:
Nakubali salfa ikatwe. Kwamba hela inachezewa sijakubali na sitakubali. Futa ile sentensi.