C au Rust: kupanga rekodi za mizani ya kahawa kwenye chipu ndogo

mizani_mbale
Habari za kazi wakuu. Kuna mizani ya kituo cha kununulia kahawa, na kifaa chake kinatakiwa kupanga rekodi za siku kabla ya kuchapa risiti za wakulima. Ijumaa lazima tuamue: tutumie qsort, fankisheni ya kupanga iliyo tayari katika lugha ya C, tuandike wenyewe upangaji wa kuunganisha (merge sort), au tuhamie lugha ya Rust? Na maelezo ya msimbo yaandikweje ili fundi atakayekuja baadaye asipotee?

steki_jinja
Ndugu, bado hujatupa cha kushika. Rekodi ngapi? Baiti ngapi kila moja? Chipu gani? Na rekodi mbili za mkulima mmoja, ni lazima zibaki katika mfuatano zilivyopimwa? Hilo la mwisho ndilo linaloamua, mengine ni hesabu tu.

mizani_mbale
Samahani. ESP32, rekodi 4,000 siku ikiwa nzito, baiti 32 kila moja. Tunapanga kwa namba ya mwanachama. Na ndiyo, magunia ya mtu mmoja lazima yafuatane kama yalivyopandishwa mizani, maana mkulima husoma risiti huku akihesabu magunia yake.

msimbo_arua
Basi qsort peke yake haikufai. Kiwango cha C hakiahidi kwamba vitu vilivyo sawa vitabaki katika mfuatano wake. Kuunganisha nako kunataka kumbukumbu ya ziada: rekodi zenyewe ni baiti 128,000, na ukinakili nusu tu unaongeza 64,000. ESP32 ina kilobaiti 520, lakini Wi-Fi na mfumo vinakula humo humo, na kinachobaki mara nyingi kimekatikakatika.

Usihamishe rekodi. Tengeneza safu ya namba za nafasi ya kila rekodi kwa uint16_t (namba ya baiti mbili): 4,000 mara 2, baiti 8,000. Panga namba hizo. Wanachama wakiwa sawa, linganisha nafasi. Hapo hakuna tena vitu viwili vilivyo sawa, hivyo hata qsort itatoa mfuatano ule ule kila mara. Kasoro yake ni moja: fankisheni ya kulinganisha ya qsort haipewi anwani ya rekodi, utalazimika kuiweka kwenye kigeu cha static, yaani kimoja kinachotumiwa na kila mwito wa fankisheni.

kaa_ya_kampala
Rust inaondoa hiyo static. Lakini jihadhari: `sort` ni thabiti, yaani vitu vilivyo sawa hubaki katika mfuatano wake, na inaomba kumbukumbu ya ziada, kwa hiyo iko kwenye maktaba ya alloc. `sort_unstable` iko kwenye maktaba ya msingi, core, na haiombi kitu, ila si thabiti. Changanya na njia ya Arua: `sort_unstable_by_key`, ufunguo uwe jozi ya mwanachama na nafasi. Na mfano ulioandikwa ndani ya maelezo ya `///` unakimbizwa na `cargo test`, amri ya majaribio ya Rust. Mtu akibadilisha fankisheni, mfano uliopitwa na wakati unafeli mbele ya macho yake. Maelezo ya C hayana mlinzi wa namna hiyo.

steki_jinja
Lugha yoyote mtakayochagua, angalieni ulinganishaji. Programu ya chama kimoja cha akiba ilikuwa na mstari huu:

`return a->salio - b->salio;`

Salio lilikuwa int32_t (namba ya biti 32, chanya au hasi), na madeni yaliandikwa kama hasi. Ilipita majaribio yote kwa sababu namba za majaribio zilikuwa ndogo. Kisha ikaja akaunti yenye 1,500,000,000 na nyingine yenye deni la 900,000,000. Tofauti ni 2,400,000,000, na int32_t inaishia 2,147,483,647. Jibu likageuka -1,894,967,296, mwenye fedha nyingi akapangwa chini ya mwenye deni. Hakuna kosa lililochapwa. Orodha ilionekana nzima hadi mhasibu alipoikagua kwa mkono. Shilingi yetu inafika mabilioni upesi, kwa hiyo andikeni `(a > b) - (a < b)` na msitoe kamwe salio moja kutoka kwa jingine.

kaa_ya_kampala
Ndiyo maana Rust ina `cmp`, inayolinganisha bila kutoa. Na tangu Rust 1.81, ulinganishaji unaojipinga unaweza kusimamisha programu palepale.

msimbo_arua
Kusimamisha mizani wakulima wakiwa kwenye foleni si faida! Jaribuni kwanza kwenye kompyuta: safu tupu, rekodi moja, wote mwanachama mmoja, na iliyopangwa kinyume.

Kuhusu maelezo, juu ya fankisheni ningeandika hivi:

`/* Hupanga nafasi[0..n) kwa mwanachama, kisha kwa mfuatano wa kupimwa. Rekodi hazihamishwi. n isizidi 65,535. Isiitwe na kazi mbili kwa wakati mmoja: hutumia kigeu cha static. */`

Msieleze jinsi kitanzi kinavyozunguka, msimbo unaonyesha. Semeni masharti.

nyabo_gulu
Kwa Kiswahili? Fundi ajaye akitoka nje je?

msimbo_arua
Katiba yetu ya Uganda ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Fundi wa Mbale atakielewa, na wa Eldoret pia.

mizani_mbale
Asanteni sana. Nimeambiwa sasa hivi kwamba meneja anataka pia orodha kwa majina. strcmp, fankisheni ya C ya kulinganisha maneno, inatosha?

nyabo_gulu
Hapana, strcmp inalinganisha baiti kwa baiti. Katika UTF-8, ŋ ni baiti mbili zinazoanza na 0xC5, itakwenda baada ya z. "Ng'" yenye alama iliyonyooka itatangulia "Nga", na ile alama iliyopinda ya simu ni baiti tatu, itakwenda mbali zaidi. Majina yenu yaliingizwa kwa simu au kwa kompyuta?

mizani_mbale
Yote mawili.