Baiskeli Ngamiani: safari ya Muheza Jumapili

JUMANNE

Rajabu 19:42
Asalaam alaykum wanakikundi, habari za jioni. Jumapili hii tunakwenda Muheza kama tulivyokubaliana pale kwa Kombo, tunakusanyika barabara ya 12 mbele ya duka la Mama Zuu, tukishaswali alfajiri tu tunaondoka, asije mtu akasema sijaambiwa. Ni kama kilomita 35 kwenda na hizo hizo kurudi, mwenye wasiwasi na miguu yake apige Amboni kesho na keshokutwa aizoeshe. Mchango buku tano, humo kuna mafuta ya kirikuu, ile pikapu ndogo ya Juma, maji na tyubu za akiba. Andikeni majina

Rajabu 19:43
1. Rajabu

Rajabu 20:20
Jamani watu wote humu mmesoma naona tiki za bluu

Chande 20:31
2. Chande, buku tano naileta siku nitakayoiona jezi

Mama Zuu 20:33
Chande usituanzishie jezi leo

Chande 20:34
Mama tumelipa kabla ya mfungo, Idi zote mbili zimepita, mie navaa fulana ya kampeni barabarani watu wananiuliza nagombea nini 😂😂

Kombo Fundi 20:36
😂😂😂

Ali Sahare 20:36
😂 mpeni kura yake

Rajabu 20:40
Jezi zina siku yake. Sasa hivi majina

Neema 20:58
3. Neema. Shikamooni. Naomba kuuliza, mimi nina ile ya Kijapani ya mtumba yenye kikapu, gia tatu, itafika kweli?

Kombo Fundi 21:05
Marahaba Neema, itafika bila shida. Ila zile gia zako zimo ndani ya hab, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, hazipendi kubadilishwa huku umekanyaga kwa nguvu, ukiona kilima cha Mkanyageni kwa mbali weka gia ndogo mapema, legeza mguu kidogo ndo ubadilishe, ukisubiri mpaka kilima kikubane itagoma alafu utashuka kusukuma. Ilete kesho niitie mafuta cheni na nikuangalizie breki ya nyuma, hela usilete

Neema 21:06
Ahsante sana fundi

Mudi Donge 21:15
Nani anakaa nyuma?

Rajabu 21:17
Na wale wa baiskeli za mbio kumbukeni tairi zenu nyembamba, mkifika Pongwe pembeni ya lami kuna kokoto zinazodondoka kwenye malori, msikimbilie ukingoni. Majina bado matatu tu jamani

Ali Sahare 21:30
Kwani Pangani tumeiacha kwa nini, kule angalau mtu unaogelea

Chande 21:31
Ali wewe baiskeli unapandia kwenda kuogelea tu, nunua ngalawa

Ali Sahare 21:33
Ngalawa haipati pancha kaka

Mudi Donge 21:34
Nimeuliza nani anakaa nyuma

JUMATANO

Rajabu 06:12
Amkeni. Majina. Watu wa Mwanza na Shinyanga mbio za baiskeli ni kama harusi kwao, mji mzima unatoka barabarani, sisi Tanga mji tambarare kila nyumba ina baiskeli na tunashindwa kuandika majina. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalikuja Kigali, mara ya kwanza Afrika, tuliyaangalia wote pale kwa Mama Zuu kwenye simu, mnakumbuka yule Mslovenia Pogačar alivyoondoka peke yake kilomita 66 za mwisho, na mbio zenyewe zilikuwa 267, vilima mtindo mmoja, wengi waliachia njiani. Sisi ni kilomita 35 tu kwenda

Chande 06:50
Pogačar naye alilipia jezi akaipata

Mama Zuu 06:55
Chande!

Babu Seif 07:20
Ali. Pangani mwezi huu hapana. Huu ni msimu wa kusi. Kwenda Pangani upepo wote uko usoni, barabara yenyewe bado inajengwa, vumbi na mitambo. Muheza upepo utawapiga ubavuni, unavumilika. Pangani mtakwenda kaskazi ikianza.

Ali Sahare 07:24
Shikamoo Babu. Nimekuelewa

Babu Seif 07:25
Marahaba.

Rajabu 07:30
Ahsante Babu, hayo ndo maneno. Kwaio ni Muheza, imepita hiyo. Machungwa ndo yanaiva sasa hivi, kila mtu aje na mfuko. Juma ile kirikuu yako tunaihesabia ee? Juma

Rajabu 12:15
@Juma Kirikuu

Mama Zuu 13:02
Mpaka sasa wametoa Neema na Kombo, Rajabu umetoa nusu. Nasema mapema nisije kusikia hazina imekaa kimya

Rajabu 13:05
Mama Zuu ile nusu namalizia Ijumaa in shaa Allah

Mudi Donge 18:40
Rajabu naona mesej zangu unaziruka. Umeitaja Kigali, sawa, na mimi niliangalia siku hiyo hiyo kwenye simu hiyo hiyo. Yule Mbelgiji Evenepoel alibadilishiwa baiskeli mara mbili na bado akashika namba 2, kwa nini, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu wa timu yake na gari lina baiskeli juu. Hakuna aliyemwambia utatukuta mbele

Chande 18:42
Eeeh

Kombo Fundi 18:44
Mudi mwanangu hebu njoo inbox

Mudi Donge 18:45
Siji inbox fundi, mambo yalitokea mbele za watu

Rajabu 18:52
Mudi yale tuliyamaliza

Mudi Donge 18:53
Mliyamaliza na nani?

Neema 18:55
Samahanini, kwani ilikuwaje?

Chande 18:56
Neema mtoto mzuri uliza habari za kikapu chako

Rajabu 19:10
Nitasema mara moja tu. Siku ile mbele kulikuwa na watu 14, mvua inakuja, kuna watoto wa shule wawili ambao wazazi wao walinikabidhi mimi kwa mkono, nikageuka sikumuona Mudi, nikaambiwa kapanda bodaboda. Ningefanyaje? Ningewaacha watoto wa watu njiani? Na nilipiga simu haikupokelewa

Mudi Donge 19:21
Simu ilikuwa kwenye mkoba wako wewe, nilikupa unishikie kwa sababu ya mvua hiyo hiyo. Ngoja niwaambie na wageni wajue. Tyubu yangu ni ya valvu nyembamba, nilikuwa na kiraka nina solusheni, nikaziba mwenyewe pale Pongwe kwenye kibaraza cha watu. Fundi wa pale akanipa pampu yake bure Mungu ambariki, lakini haishiki ile valvu mpaka uwe na kile kichwa cha shaba, kakitu kenyewe hakafiki hata ukubwa wa kidole, na kalikuwa mfukoni kwa Rajabu. Tairi zima, pampu ipo, upepo haungii. Nilisukuma baiskeli mpaka Kange, magharibi inaadhiniwa niko njiani, malori ya saruji yananipita hapa hivi. Mama yangu alishakwenda mpaka Bombo hospitali kuniulizia

Mama Zuu 19:23
Bi Saumu alipita hapa dukani kwangu analia siku ile. Sijasahau

Ali Sahare 19:24
😔

Chande 19:30
Mudi hilo la kichwa cha shaba sikulijua wallahi

Kombo Fundi 19:34
Kweli valvu ile bila kichwa chake hata upampu mpaka asubuhi. Unalegeza kinati cha juu, unafunga kile kichwa, ndo pampu ya kawaida inashika. Ninavyo vitatu dukani, elfu moja moja, kila mwenye baiskeli ya mbio anunue chake akifunge na uzi kwenye fremu, chini ya siti pale. Hili tusilirudie jamani

Rajabu 19:41
Sasa kila safari tukumbushane yaliyopita hatutafika popote. Mimi ndo napiga simu, mimi ndo naongea na trafiki, mimi ndo nazunguka kuwagongea milango alfajiri, nyie mnaweka vicheko. Asiyetaka kwenda aseme. Majina matatu toka jana!!

Chande 19:43
Manne, niandikie Ali

Ali Sahare 19:43
Sijasema naenda

Chande 19:44
Umeshaiacha Pangani utaenda wapi sasa 😂

*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Zuu 19:50
Rajabu umefuta nini

ALHAMISI

Babu Seif 05:48
Nimeyasoma yote jana usiku, mjukuu wangu kanisaidia kuyapandisha juu.

Babu Seif 05:55
Rajabu mwanangu. Kazi unayoifanya naiona, wala hakuna mwingine humu angeiweza. Lakini kile kichwa cha shaba ni changu. Nilikupa asubuhi ile kwa mkono wangu, nikakuuliza mbele ya Kombo nani anakaa nyuma, ukanijibu mimi Babu. Ndiyo maana nilikupa wewe.

Babu Seif 06:03
Sisi tulikuwa tukibeba machungwa kutoka Muheza mpaka soko la Mgandini, matenga mawili kwenye keria, Phoenix hazina gia. Mwenye mzigo mzito tulimweka mbele. Wote tulikwenda kwa mwendo wake. Anayejiona ana mbio alikaa mwisho na pampu, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuwafikia wengine akichelewa. Njia ilikuwa ya udongo na hakuna simu.

Babu Seif 06:06
Pampu kubwa ya mguu iko kwangu. Itabaki kwangu mpaka nijue nani anakaa nyuma, na mpaka Rajabu aende kwa Bi Saumu. Siyo kwa Mudi. Kwa Bi Saumu.

Babu Seif 06:09
Na gizani msiondoke. Kukipambazuka.

Mama Zuu 06:30
Shikamoo Babu. Umesema

Kombo Fundi 06:41
Shikamoo Babu

Neema 07:02
Shikamoo Babu

Ali Sahare 09:15
Shikamoo Babu

Chande 09:40
Shikamoo Babu. Hapa sina utani

Babu Seif 10:00
Marahaba nyote.

Salma Makorora 14:22
Asalaam alaykum nilikuwa sina bando, ni Muheza au Pangani? Niandikeni 5 kama ni Muheza. Mudi pole sana kaka

Kombo Fundi 14:30
Ni Muheza. Salma tochi yako ya nyuma ile nyekundu betri nimeshabadilisha, njoo uchukue

Rajabu 21:08
Babu shikamoo. Nimekusikia. Kesho baada ya swala ya Ijumaa nitakwenda Donge kwa Bi Saumu.

Rajabu 21:15
Ila kwa saa za kuondoka naomba nieleweke, sibishani na mzee. Kupambazuka mwezi huu ni kwenye saa kumi na mbili na nusu, tukiondoka saa moja kurudi tutakutana na jua la saa sita kati ya Ngomeni na Pongwe, pale mkonge mitupu hakuna mti, na tuna watu wapya kama Neema. Tukiondoka saa kumi na moja na nusu kila mtu na tochi nyekundu nyuma na kirikuu inawasha hazadi, tunafika Pongwe kunakucha. Kombo wewe unasemaje?

Kombo Fundi 21:24
Tochi mimi nimehesabu zipo sita nzima. Na dereva wa lori akitoka Pongwe saa zile na yeye ana usingizi. Mie nipo na Babu

Salma Makorora 21:26
Mimi jua silipendi lakini lori silipendi zaidi

Rajabu 21:27
Bas tukutane katikati, saa kumi na mbili

Mama Zuu 21:30
Saa kumi na mbili bado giza Rajabu

Rajabu 21:31
Giza jepesi Mama Zuu

IJUMAA

Juma Kirikuu 08:05
Jamani samahanini nilikuwa Lushoto na mzigo wa viazi mtandao shida. Jumapili ipo ila nina mzigo wa kupeleka Duga asubuhi, naweza kuwakuta Pongwe. Mafuta elfu 30 na ya kula dereva

Mama Zuu 08:11
Utatukuta Pongwe saa ngapi Juma? Maana kipande hicho cha mpaka Pongwe ndo chenyewe tunachokiogopa

Juma Kirikuu 08:40
Nitasema kesho jioni nikijua mzigo

Rajabu 10:12
Juma kaka hapo hapana, tunakutaka toka barabara ya 12. Mzigo wa Duga mpe mwenzio

Rajabu 14:50
Nimetoka kwa Bi Saumu sasa hivi. Tumeongea. Kanipikia na chai. Mudi hakuwepo

Mama Zuu 14:52
Alhamdulillah

Kombo Fundi 14:53
Umefanya la maana kaka

Babu Seif 15:30
Vizuri. Nani anakaa nyuma?

Rajabu 15:34
Nitakaa mimi Babu

Babu Seif 15:36
Na mbele nani?

Chande 15:50
Neema na kikapu chake, mwendo wake utatufaa wote hata mie. Nasema kweli

Neema 15:52
Mimi?? Njia siijui

Salma Makorora 15:55
Nitakuwa pembeni yako mdogo wangu, njia naijua mpaka Amani huko juu

Rajabu 16:10
Mudi unakwenda? Nataka nijue nikuandike

Rajabu 18:22
Mudi

Ali Sahare 19:01
Kaonekana saa hii hii mtandaoni

Mudi Donge 19:40
Mama kanieleza. Tairi langu la nyuma limeisha mpaka nyuzi zinaonekana, nitaangalia kesho kama Kombo ana la 700

Kombo Fundi 19:44
Lipo la mtumba, zima, njoo tulijaribu. La hela tutaongea

Babu Seif 20:05
Rajabu, kesho alasiri mtume mtoto aje kuchukua pampu. Saa za kuondoka bado hatujamaliza.

Mama Zuu 20:31
Hesabu ya leo, wametoa watu saba, jumla 35,000 na Rajabu kamaliza yake. Chande wewe bado na usinijibu habari za jezi. Kombo pita dukani uchukue 20,000 ya tyubu, mbili za 26, moja ya 28 ya hizi Phoenix, na za valvu nyembamba zisipungue mbili. Ya kirikuu siitoi mpaka Juma aseme anaanzia wapi