Daifuku za matcha zimenishinda, na Jumapili nina wageni wa Kijapani

Mama Nasra
Habari za humu wakuu. Nipo Japani, mkoa wa Aichi, mwaka wa pili sasa, nimemfuata mume. Jumapili nina wageni: bibi jirani na bintiye, ndio walionifundisha hata siku za kutoa taka. Kwa kiherehere changu nikaahidi kuwapikia vitamu vya kwao vya matcha, ile chai ya kijani ya unga. Nimekwama.

Jaribio la kwanza daifuku, yale madonge laini ya mchele yenye maharage matamu ndani. Nilinunua unga wa mchele, nikatia maji na sukari, nikaingiza kwenye maikrowevu kama video ilivyoelekeza. Ya kwenye video inavutika kama mlenda, yangu ikamegeka kama ugali wa jana.

Jaribio la pili keki. Niliweka vijiko vitatu vikubwa vya chai ya unga. Iliingia kwenye oveni kijani, ikatoka rangi ya maji ya mfereji, uchungu kama mwarobaini.

Halafu sisi Waislamu, jelatini ya kugandishia siitaki, nyingi hutoka kwa nguruwe. Natanguliza shukrani.

Kijiti
Dada wapikie chapati na maharage ya nazi. Yaishe.

Fundi Keki
Kabla watu hawajakumwagia mapishi, tuambie pakiti zimeandikwaje.

Mama Nasra
Unga ni 上新粉. Chai ni 粉末緑茶. Kusoma sijui, nilichagua kwa kuangalia picha.

Mkaazi wa Kyoto
Ugonjwa umepatikana, na dawa iko kwenye rafu ileile uliyotoa huo unga. Ulichonunua ni joshinko, yaani unga wa mchele wa kawaida wa kula. Daifuku inataka mchele mwingine unaoitwa mochigome. Wanga wa mchele wa kawaida una aina mbili ndani yake, amilosi na amilopektini. Wa mochigome karibu wote ni amilopektini, na hiyo ndiyo inayonata na kuvutika. Joshinko hata uipike usiku kucha haitavutika namna hiyo. Tafuta 白玉粉, shiratamako, ina chenga kama chumvi ya mawe. Au もち粉, mochiko, laini kama poda.

Gramu 100 za shiratamako, sukari gramu 50, matcha kijiko kimoja cha chai, maji mililita 150 uyatie kidogo kidogo. Matcha ichekeche na uichanganye na sukari kwanza, maana ikikutana na maji peke yake inafanya madonge. Funika, maikrowevu ya wati 600 dakika mbili, koroga kwa nguvu kwa mwiko uliolowa, rudisha dakika moja, koroga tena hadi donge ling'ae na weupe wa unga mbichi upotee. Limwage juu ya katakuriko, ule wanga wa viazi, gawa nane. Usiweke kwenye friji, yatakakamaa. Sukari nayo usiipunguze, ndiyo inayochelewesha kukakamaa.

Azuki, yale maharage mekundu madogo ya ndani, chemsha, maji ya kwanza mwaga, yana ukakasi. Chemsha upya hadi ukiibinya punje kwa vidole ipondeke bila ubishi, ndipo utie sukari. Ukiitia mapema utakesha jikoni.

Sasa chai. Hiyo siyo matcha. Ni chai ya kijani ya kawaida iliyosagwa. Mchai wa matcha hufunikwa kivuli wiki tatu au zaidi kabla ya kuvunwa, jani likazidi kijani na utamu, ukali ukapungua. Majani hupigwa mvuke, hukaushwa bila kusokotwa, vikonyo na mishipa hutolewa, ndipo yasagwe. Kinu cha jiwe kinatoa kama gramu 40 tu kwa saa, usishangae bei. Na wewe uko Aichi! Nishio, mji wa matcha unaojulikana Japani nzima, uko mkoa huohuo wako. Chukua pakiti yenye maandishi 製菓用, ni ya kupikia vitamu. Ile ya kunywa waachie wenye pesa zao.

Fundi Keki
Naongezea ya keki. Hata matcha ya kweli moto unaila rangi, ila si kiasi hicho. Kwa unga gramu 100 weka matcha gramu 8, oveni nyuzi 160 au 170, juu ikishashika funika kwa karatasi ya foili. Ndimu usitie. Tindikali inaua kijani, kama mchicha ukiukamulia ndimu ukiwa bado jikoni.

Bi Mwani
Mwanangu, badala ya jelatini tumia kanten. Gramu 4 za unga wake zinashika nusu lita, ila lazima ichemke dakika mbili hivi, kuilowesha kwa maji moto hakutoshi. Inaganda hata nje ya friji. Hiyo kanten wanaitoa kwenye mwani. Ni huu tunaolima Paje?

Mkaazi wa Kyoto
Hapana Bi Mwani. Mwani wa Paje unatoa karajinani, kigandishi kingine. Kanten inatoka kwenye mwani mwingine, tengusa. Ni ndugu, lakini jikoni hawafanyi kazi moja.

Mla Vitumbua
Mbona hakuna anayesema la maana? Joshinko si ndiyo unga wa vitumbua! Hapo Japani kila duka lina kikaango cha takoyaki, chenye mashimo ya duara. Hicho ni chuma cha vitumbua kilichodumaa. Tui la nazi, hamira, matcha kidogo, umemaliza.

Mama Nasra
MREJESHO. Daifuku mbili za kwanza zilinipasukia mkononi, nilijaza anko, yale maharage matamu ya ndani, kupita kiasi. Sita zilitoka safi. Bibi alikula moja polepole, akasema anko ina utamu wa kutosha. Bintiye akacheka, nikaelewa ni tamu mno.

Keki sikuirudia. Vitumbua vya takoyaki nilipika, vikatoka vidogo kama gololi kubwa, lakini kosa nikaweka iliki kwa mazoea. Iliki ikaimeza matcha yote, ikabaki rangi tu. Jamani hivi viwili havikai chungu kimoja, chagua kimoja. Ila bibi alikula vinne, akauliza hii harufu ni ya nini.

Kijiti
Na chapati?

Mama Nasra
Niliwapa, Kijiti. Wamebeba mbili kwenda nazo nyumbani. Mkaazi wa Kyoto, matcha imebaki nusu pakiti, niiweke wapi?

Mkaazi wa Kyoto
Kwenye mkebe usiopitisha hewa wala mwanga, ndani ya friji. Siku ukiutoa, uache kwanza upate joto la chumba ndipo ufungue, la sivyo unga utanyonya unyevu. Tumia mapema. Ukiona umegeuka manjano, harufu yake imeshaondoka.